Mifupa ya mbwa uani Kigamboni: “Mama, alikuwa na mwenyewe?”

“Shikamoo Daktari. Mwezi uliopita tulikuwa tunachimba shimo la choo nyumbani kwetu Kigamboni, upande wa Mbwamaji. Fundi alipofika usawa wa kiuno alikuta lundo la makombe na vigae vya vyungu, na chini yake mifupa ya mnyama aliyelala ubavu, miguu imekunjwa. Tulipotoa fuvu kila mtu alisema ni mbwa. Karibu na shingo kulikuwa na ushanga mmoja wa bluu. Fundi akagoma kuendelea, akasema mbwa kuzikwa na ushanga ni kazi ya mtu. Mama mkwe anataka tuitupe baharini. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, anasema mbwa waliletwa na Wazungu, kwa hiyo hiyo mifupa haiwezi kuzidi enzi za Mjerumani. Sasa mwanangu wa miaka tisa ameyaosha meno ya yule mbwa, kayaweka kwenye kopo, na ananiuliza: ‘Mama, alikuwa na mwenyewe?’ Nashindwa kumjibu. Je, wazee wetu walifuga mbwa? Mifupa inaweza kusema kama mnyama alipendwa? Na hii niliyonayo niifanyeje? Iko kwenye kiroba chini ya ngazi, na shimo bado liko wazi.”

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na pale kwa mtoto nikarudia mara ya tatu. Nimeshinda na mifupa ya wanyama wa kale kwa miaka mingi, na hilo swali lake ndilo tunalolizungukia sisi wote kwa maneno marefu zaidi. Nitalifikia. Kwanza yale yasiyosubiri.

Usitupe kitu chochote baharini. Mwambie mtoto aache kuosha meno, kwa sababu ule ukoga ulioganda kwenye jino, ambao yeye anauona uchafu, ndani yake hubaki chembechembe za chakula alichokula mnyama. Anachotakiwa kuosha ni mikono yake, kwa sabuni. Najua wazazi wengi wakisikia mbwa hufikiria kichaa cha mbwa. Kirusi cha ugonjwa ule hukaa kwenye mate na mishipa ya fahamu ya mnyama mgonjwa, na nje ya mwili hakidumu. Mifupa mikavu iliyokaa ardhini miaka haimpi mtu kichaa. Ninachokihofia zaidi ni kigae. Kama mtoto au fundi amechanika kidole kwa kigae au msumari ndani ya lile shimo, aende kituo cha afya akaangaliwe kuhusu sindano ya pepopunda, maana vijidudu vyake hukaa udongoni. Halafu lile shimo lifunikeni kwa mbao nzito, mtoto asije akatumbukia, lakini msilifukie. Nitakwambia kwa nini.

Tujiulize kwanza kama kweli ni mbwa. Mara nyingi watu huwa sahihi, ila nimeshaletewa fungo akiitwa mbwa, na bweha pia. Mbwa mzima ana meno 42, na nyuma ya chonge kuna jino moja kubwa kila upande, limechongoka kama kisu, la kukatia nyama. Fungo ana magego mapana, butu, ya mnyama anayekula matunda na wadudu. Bweha ndiye anayesumbua, kwani ni wa ukoo wa karibu na mbwa. Taya lake huwa jembamba, na meno yake hayakusongamana kama ya mbwa wengi wa kufugwa. Mfupa mmoja mmoja unaweza kumdanganya hata mtaalamu, lakini mkiwa na fuvu na taya zima, mtu mwenye mifupa ya kulinganishia atawajibu haraka.

Sasa tuje kwa fundi na ushanga. Sitamcheka fundi wako, maana kwa kusimama amewafanyia jambo jema kuliko anavyojua. Ila hoja yake haisimami. Ushanga kuwa karibu na shingo haumaanishi kwamba ulivaliwa shingoni. Mchanga wa pwani hautulii: panya huchimba, mchwa huchimba, mizizi ya mnazi huoza na kuacha mashimo, na kitu kidogo kama ushanga hushuka taratibu mpaka kikwame penye kitu kigumu. Fuvu ni kitu kigumu. Shanga zimeingia pwani yetu kwa shehena kwa zaidi ya miaka elfu moja, na ni vigumu kuchimba makazi ya kale ya Waswahili usizikute. Ushanga mmoja, basi, si mkufu.

Na hata ungekuwa mkufu, bado si uchawi. Kule Berenike, bandari ya kale ya Misri kwenye Bahari ya Shamu, wachimbaji walikuta mahali palipozikwa wanyama katika karne ya 1 na ya 2. Walihesabu wanyama 585, wengi wao paka, wakiwemo mbwa na nyani wachache. Baadhi ya paka walikuwa na ukosi wa chuma shingoni, wengine shanga. Kutoka bandari kama hiyo ndiko meli zilikoanza safari za kuja pwani yetu, ambayo mabaharia wa wakati ule waliiita Azania. Kwa hiyo kumvisha mnyama shanga na kumzika ni jambo ambalo binadamu wa kawaida amelifanya, wala hakuwa na nia mbaya.

Kinachonivutia zaidi kwenye barua yako ni yale maneno machache uliyoyapitia haraka: “mnyama aliyelala ubavu, miguu imekunjwa.” Mbwa akifia nje, kwa siku chache kunguru, fisi, kenge na mbwa wenzake humgawana. Mguu unaenda huku, taya linaenda kule. Mifupa ikikutwa kila mmoja mahali pake, pingili za mgongo zikifuatana mpaka kwenye mkia, maana yake mzoga ulifunikwa ukiwa bado na nyama na mishipa yake. Udongo ulimwagwa juu yake mapema, na kwa kawaida anayemwaga udongo ni mtu. Je, alikuwa anazika, au anaondoa harufu uani? Mkao unasaidia kidogo. Mbwa aliyetupwa shimoni mara nyingi kichwa hujipinda, mguu mmoja huning’inia juu ya ukingo wa shimo. Aliyelazwa hukaa kama aliyelala. Kwa huyu wako siwezi kuamua kwa maneno, na kama kuna aliyepiga picha kwa simu kabla hamjamtoa, picha hiyo ina thamani kuliko kiroba kizima.

Hapa ndipo ninapoomba msifukie shimo. Watu wengi hudhani kina ndicho umri: mita moja chini ni zamani, mita mbili ni zamani zaidi. Sivyo. Mtu aliyechimba shimo la taka mwaka 1960 alifika mita moja na nusu bila shida, na vigae vya miaka elfu alivyovikuta njiani akavirudisha juu pamoja na udongo. Kinachosema umri ni mpangilio. Fundi akichimba, ukuta wa shimo hubaki umesimama kama keki iliyokatwa, na matabaka yote yanaonekana. Mtaalamu atatazama jambo moja: lile lundo la makombe limepita juu ya mahali alipokuwa mbwa bila kukatika, au kuna mstari ulioshuka ukalikata? Udongo uliochimbuliwa na kurudishwa haurudii rangi yake, hubaki umechanganyika, umelegea, na ukingo wake huonekana hata baada ya karne nyingi. Kama lundo halikukatika, mbwa aliwekwa kabla watu hawajaanza kumwaga makombe pale. Kama limekatwa, mbwa ni wa baadaye, pengine wa baadaye sana. Jibu la “ni wa lini” liko kwenye ule ukuta. Kwenye kiroba halimo.

Vigae navyo vitasaidia, ila kwa kufuata mpangilio huohuo. Kama shingoni mwa chungu kuna pembetatu zilizochorwa na kujazwa mistari, hiyo ni aina inayojulikana sana kwenye pwani yetu kuanzia karne ya 6 mpaka ya 10 hivi. Ikiwa ni vipande vya sahani nyeupe za kiwandani, tuko kwenye karne ya 19 au 20. Na nikuombe usijenge chochote juu ya jina la Mbwamaji. Wapo watakaokwambia “si unaona, pameitwa mbwa.” Jina hilo huandikwa pia Mbuamaji, na jina la mahali hupitia midomo mingi kabla halijafika kwenye ramani. Mfupa hauhitaji msaada wake.

Jirani yako mwalimu amesema jambo lenye nusu ya ukweli, na nusu hiyo nampa. Ni kweli mbwa hakuanzia Afrika. Mbwa wote wa kufugwa duniani, wa Masaki anayelala kwenye zulia na yule anayezurura soko la samaki Feri, wametokana na mbwa mwitu wa kijivu wa Ulaya na Asia. Lugha yetu inatuchanganya hapa, kwa sababu tunasema “mbwa mwitu” tukimaanisha pia yule wa kwetu mwenye mabaka, wa Mikumi na mbuga za kusini. Huyo ni ukoo mwingine kabisa: mguu wake wa mbele una vidole vinne ambapo mbwa ana vitano, na hawazai pamoja. Bweha naye si babu wa mbwa. Kwa hiyo kila mbwa aliyewahi kukanyaga ardhi ya Afrika, mababu zake walitoka nje ya bara hili wakifuatana na watu.

Lakini walifika lini? Hapo ndipo mwalimu anapokosea, na kwa maelfu ya miaka. Kule Merimde, kwenye ukingo wa delta ya Nile, kuna mifupa ya mbwa ya karibu miaka 7,000 iliyopita hivi. Sudani, kwenye makaburi ya Kerma ya zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, mbwa walizikwa pamoja na watu. Kutoka huko walisogea kusini pamoja na wafugaji na wakulima, na kufikia karne ya 6 walikuwa wameshafika Limpopo, Afrika Kusini. Mreno wa kwanza kupita pwani yetu alikuja miaka 900 baadaye, na Mjerumani baada ya hapo tena.

Utauliza, mbona safari ya kutoka Nile hadi Limpopo ilichukua maelfu ya miaka, ilhali mbwa hutembea kilomita kadhaa kwa siku? Peter Mitchell, mwanaakiolojia wa Oxford, mwaka 2015 alitoa hoja kwamba magonjwa ndiyo yaliyoweka ukuta. Mbung’o huwapa mbwa malale kama anavyowapa ng’ombe nagana, na kupe wana maradhi yao ya damu. Mbwa mgeni aliyeingia ukanda wa mbung’o alikufa, na wachache waliostahimili ndio waliozaa. Mimi hoja hii naiamini kwa kiasi kikubwa, kwa sababu inaendana na tunachokiona hata leo: mtu analeta mbwa wa bei mbaya kutoka nje, kupe wanammaliza mwaka wa kwanza, na mbwa wa jirani aliyezaliwa chini ya mwembe yupo tu.

Huyo wa chini ya mwembe, tunayemwita mbwa koko, ameonewa sana. Tumezoea kumwona kama mabaki, machanganyiko ya mbwa wa walowezi yaliyoharibika. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya vinasaba vya mbwa wa vijijini 318 kutoka Misri, Uganda na Namibia. Wale wa Uganda walionekana kuwa wenyeji hasa, ukoo wao haukuchanganyika na mbwa wa Ulaya isipokuwa kidogo, wakati katikati ya Namibia mchanganyiko ulikuwa mkubwa. Mwaka 2020 watafiti wengine walisoma vinasaba vya mbwa wa kale 27. Walikuta kwamba miaka 11,000 iliyopita koo tano za mbwa zilikuwa zimeshaachana, na kwamba mbwa wa kusini mwa Sahara wanaelekea kwenye chimbuko moja upande wa mashariki ya Mediterania. Yaani mbwa koko ana ukoo, na ukoo wenyewe ni wa kale kuliko aina nyingi za mbwa zinazouzwa na vyeti.

Kuna ushahidi mwingine ambao mwalimu anautamka kila siku. Tukisema farasi tunatumia neno la Kiarabu, kwa sababu mnyama alikuja na wenye neno. Lakini mbwa? Waganda husema embwa, Wanyarwanda imbwa, Washona imbwa, na kwa Kilingala ni mbwa. Wataalamu wa lugha za Kibantu hulirudisha neno hili mpaka kwenye lugha mama, iliyosemwa kabla mababu hawajatawanyika kuja huku. Watu hawabebi neno kwa miaka 3,000 na zaidi kwa mnyama wasiyemjua. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo: wazee wetu walifuga mbwa, na walikuja naye hapa wakiwa wanamwita hivihivi unavyomwita wewe.

Najua pia pwani ina msimamo wake, na pengine mama mkwe anasukumwa na huo. Nyumba nyingi za Kiislamu hazitaki mbwa ndani, na mate yake yana hukumu ya twahara. Hilo ni haki yao na sina la kuongeza, isipokuwa kumkumbusha kwamba Qurani yenyewe inamtaja mbwa bila kumfukuza: katika Suratul Maida aya ya 4 imeruhusiwa kula walichokamata wanyama waliofunzwa kuwinda, na katika Suratul Kahf aya ya 18 mbwa wa wale vijana amelala kizingitini, kanyoosha miguu yake ya mbele. Mji wa pwani uliweza kuwa na mbwa wa shamba na wa kuwindia bila kumwingiza ukumbini. Mtu anayefukua mji wa aina hiyo anaweza asikute mfupa hata mmoja wa mbwa, akamwona kwa njia nyingine. Muulize fundi kama kwenye lile lundo kulikuwa na mifupa ya mbuzi. Mfupa uliotafunwa na mbwa ncha zake laini zimeliwa, umebaki kama bomba, na pembeni una vishimo vidogo vya mviringo ambako chonge zilibonyeza. Ule uliopita tumboni mwake hutoka umelainika, kingo zimekonda kama sabuni iliyotumika. Vipande vya aina hiyo vikijaa jalalani, mbwa alikuwepo pale kila jioni akisubiri chakula kiishe, hata kama yeye mwenyewe alizikwa mbali.

Sasa mtoto. “Alikuwa na mwenyewe?”

Mpe kisa cha Oberkassel, karibu na Bonn, Ujerumani. Mwaka 1914 wachimba mawe walikuta kaburi la mwanamume na mwanamke, na mifupa ya mnyama. Iliwekwa kwenye masanduku ya makumbusho, na ikapita miaka zaidi ya 60 kabla mtu hajatambua kwamba mle ndani mna mbwa. Kaburi lile lina miaka 14,000 hivi. Huyo ni miongoni mwa mbwa wa zamani zaidi ambao karibu wote tunakubaliana juu yao. Madai ya miaka 30,000 na zaidi yapo, kutoka Ubelgiji na milima ya Altai, lakini mafuvu yale yanabishaniwa mpaka leo na mimi ni mmoja wa wasioridhika. Jambo kubwa lilikuja mwaka 2018, watafiti walipoyatazama upya meno ya yule mbwa wa Oberkassel. Alikufa akiwa na umri wa wiki 28 hivi. Kwenye meno yake mlikuwa na alama za ugonjwa uliompata tangu wiki ya 19, ukaondoka, ukarudi, ukarudi tena. Ulivyopangika, unaonekana ni ule ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa hata hapa Dar, unaoanza kwa homa na makamasi na kuishia kwa kutetemeka mwili.

Utaratibu wake ni huu. Jino linapoundwa ndani ya taya, ngozi yake ngumu hujengwa tabaka kwa tabaka, kama unavyosuka ukindu. Mwili ukizidiwa na homa, kazi husimama. Ukipata nafuu, huendelea. Mahali iliposimama hubaki mfereji mwembamba unaolizunguka jino, na jino halijirekebishi tena maisha yote. Kwa hiyo ukipima mifereji ilipo, unajua mnyama aliugua akiwa na wiki ngapi. Mbwa mchanga mwenye ugonjwa ule anatapika, anaharisha, hali, hanywi. Kuvuka awamu ya kwanza bila mtu wa kumpa maji na kumpangusa ni shida, sembuse ya pili na ya tatu. Na kwa wiki zote hizo hakuwa na faida yoyote kwa wawindaji wale, hakuwinda wala hakulinda. Walimuuguza tu. Alipokufa wakamweka nao. Mimi hapo sihitaji maandishi yanayosema alipendwa.

Huko Ain Mallaha, kaskazini mwa Israeli, kuna mtu mzima aliyezikwa miaka 12,000 hivi iliyopita, mkono wake umewekwa juu ya mbwa mchanga. Na tukirudi Berenike, kuna mbwa mmoja mkubwa aliyekuwa na saratani ya mfupa. Tumboni mwake bado kulikuwa na mabaki ya samaki na nyama ya mbuzi. Alifungwa kwenye mkeka wa majani ya mtende, juu yake vikawekwa vipande vya mtungi. Mtu alimlisha mbwa aliyekuwa anakufa, na kesho yake akamtafutia mkeka.

Lakini usimfiche mtoto upande wa pili, ana miaka tisa, ataweza kuubeba. Kule Saqqara, Misri, karibu na hekalu la Anubi, mungu wa wafu wa Wamisri wa kale, kuna mahandaki ambayo watafiti wamekadiria yaliwekwa wanyama karibu milioni 8, wengi wao mbwa, na wengi wa hao wakiwa na umri wa saa au siku chache. Hawa walizalishwa wauzwe kama sadaka. Wakavishwa bandeji na kupangwa kwa heshima, na hakuna aliyewahi kuwaita kwa jina. Meksiko ya kale mbwa walifugwa pia kwa kuliwa. Kwa hiyo kuzikwa peke yake hakuthibitishi mapenzi, wala kuliwa hakuthibitishi chuki kwa mbwa wote wa jamii ile, kwani nyumba moja iliweza kuwa na mbwa wa mlangoni na mbwa wa chungu. Sisi tunatafuta alama za uangalizi: mfupa uliovunjika ukaunga vizuri, mzee asiye na meno aliyeendelea kula, mgonjwa aliyeishi kupita siku ambayo angekufa akiwa peke yake.

Huyo wenu ataweza kusema nini? Mengi, kama mtakuwa wavumilivu. Meno yake yakionekana yamelika sana, huenda alikuwa mzee. Pingili za mgongo zikiwa na vijipembe, huenda alikuwa na maumivu ya mgongo, na pengine mtu alimvumilia asipoweza kukimbia. Kipande kidogo cha mfupa kinaweza kupimwa kaboni na naitrojeni, na vipimo hivyo husema kama chakula chake kikuu kilikuwa samaki, au nafaka kama mtama, au nyama. Na kwa kuwa mbwa hula makombo ya nyumbani, akipimwa yeye unapata habari za sufuria ya wenye nyumba bila kugusa kaburi la binadamu. Mbwa alishazoea chakula chetu mwilini mwake: utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mbwa wana nakala nyingi za kinasaba cha kumeng’enya wanga, ambapo mbwa mwitu wa kijivu ana mbili tu. Ugali haukumshinda.

Umri kwa njia ya kaboni nitakueleza kwa uwazi, maana watu hudhani ni mashine inayotoa tarehe. Joto na unyevu wa pwani huharibu ile protini ya mfupa inayopimwa, hivyo sampuli inaweza kurudi mikono mitupu. Mbwa aliyekula samaki maisha yake yote huonekana mzee kuliko alivyo, pengine kwa karne kadhaa, kwa sababu kaboni ya baharini imekaa majini muda mrefu kabla ya kuingia kwenye samaki. Na kwa miaka 300 hivi ya mwisho kipimo hiki hakitofautishi vizuri karne moja na nyingine. Ndiyo maana, ukinilazimisha nichague kati ya kipimo cha maabara na nusu saa mbele ya ule ukuta wa shimo, nitachagua ukuta.

Basi fanyeni hivi. Pigeni picha kuta zote nne za shimo asubuhi, jua likiwa limelala, mkiwa mmeweka rula au hata fimbo yenye alama. Mifupa itoeni kwenye kiroba, muiweke kwenye boksi la karatasi lenye kupitisha hewa, kivulini; kwenye kiroba inatoa jasho na kuota ukungu. Ushanga uwekeni peke yake, na karatasi inayosema ulikutwa wapi na nani. Msigundishe kwa gundi wala msipake vanishi. Halafu mwone mwenyekiti wa mtaa, na kupitia kwake au wenyewe mwende Idara ya Mambo ya Kale, au Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert, au kwa wanaakiolojia wa Chuo Kikuu, Mlimani. Sheria yetu ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na kuchimba kutafuta vitu vya kale kunataka kibali, kwa hiyo msiongeze hata chepe moja kwa hamu ya kuona kama kuna kingine. Kama una wasiwasi juu ya kiwanja na choo chenu, muulize ofisa swali hilo ana kwa ana, siku hiyohiyo. Na endapo katika lile lundo mtaona mfupa unaofanana na wa binadamu, simamisheni kila kitu, mwone mwenyekiti na polisi kabla ya sisi.

Fundi mwambie apumzike siku chache, alipwe kwa alichochimba. Mama mkwe mwambie mifupa haitaingia ndani. Itakaa uani, juu ya meza.

Na mtoto mpe kazi. Alasiri mkae mlangoni penye mwanga, achukue chonge moja kutoka kwenye kopo, alishike kwa pembeni na kuligeuza polepole mpaka mwanga uteleze juu yake. Atafute mstari mwembamba uliozama, unaolizunguka jino. Aupitishe ukucha wake taratibu, utakwama kidogo kama upo. Akiuona, ahesabu ni mingapi, apige picha, na aje nayo mwenyewe siku mtakayoleta boksi, kwa sababu nitataka kumuuliza yeye.